Kurasa Zisizofunguka Mhezi

Hivi karibuni nilipanda milimani wilayani Same, katika kata ya Mhezi, kwa shughuli zangu za kukusanya habari. Niliingia katika ofisi moja ambayo wananchi hupitia kutafuta huduma zile ambazo siku hizi hazitolewi tena kwa karatasi na muhuri peke yake. Kulikuwa na kompyuta tatu mezani, na watu sita kwenye benchi. Mbele ya kompyuta ya kwanza alisimama mama mmoja na bintiye. Binti alikuwa amemaliza kidato cha sita na alikuwa akijaza maombi ya mkopo wa masomo ya chuo, ambayo hujazwa kwenye intaneti na kuwa na tarehe ya mwisho. Katikati ya kioo palikuwa na kiduara kinachozunguka, nasi sote tukawa tunakitazama kana kwamba ni chungu cha kande kilichogoma kuiva.

Baada ya muda yule kijana wa ofisi akasema, "Mama, leo mtandao uko chini."

Mama akajibu kwa upole, "Mwanangu, na juzi ulisema hivyo hivyo."

Mimi nilijiuliza jinsi mtandao unavyoweza kuwa chini hali sisi tuko juu kiasi kile. Lakini nilipotoka pale jambo hilo halikuniacha. Sentensi hiyo, mtandao uko chini, imekuwa jibu la kila ofisi kuanzia Same mjini hadi Dar es Salaam, na anayepewa jibu hilo hana la kuuliza zaidi. Ni kama kuambiwa mvua imekataa. Juma hili napenda tuitazame historia ya kungoja huku, kwa sababu kungoja kwa mwaka 1996 hakukuwa na sababu ile ile ya kungoja kwa mwaka 2006, wala kwa leo. Mtu asiyejua tofauti hizo ataendelea kuilaumu milima.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1879 waya wa simu ya maandishi ulilazwa chini ya bahari kutoka Aden hadi Zanzibar, ukaendelea kusini hadi Msumbiji na Durban. Mwaka 1890 Zanzibar ikaunganishwa kwa waya na Bagamoyo na Dar es Salaam. Kisha Wajerumani wakajenga reli kutoka Tanga, iliyopita chini ya milima hii ya Upare na kufika Moshi mwaka 1911, na nguzo za simu zikafuatana na reli. Kwa hiyo zaidi ya miaka mia moja iliyopita mtawala aliyekuwa huku aliweza kupeleka neno Ulaya na kupata jibu bila kungoja meli. Mkulima wa mlimani aliyaona mataruma na nguzo tu, maana waya ule haukuwekwa kwa ajili yake. Nautaja kwa sababu utatusaidia mbele: pwani yetu, iliyopata waya wa baharini mwaka 1879, ilikaa miaka 130 kamili hadi kupata waya wa baharini wa zama za kompyuta.

Kompyuta yenyewe iliingia Tanzania mwaka 1965, mashine ya aina ya ICT 1500, ikawekwa Wizara ya Fedha. Kazi ya kuingiza hesabu za serikali katika mashine ikaleta vurugu na hasara, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta pamoja na televisheni. Wengi huicheka hatua hiyo leo. Mimi siicheki sana. Nchi changa iliyokuwa ikitumia fedha za kigeni kununulia mashine isiyokuwa na fundi wa kuitengeneza ilikuwa na haki ya kusema ngoja kwanza. Kosa, kwa maoni yangu, ni kwamba miaka ile ya kungoja haikutumika kuwafundisha mafundi, hivi kwamba mlango ulipofunguliwa tena mashine zilikuja kwa wingi na fundi akabaki mmoja kwa wilaya nzima. Hilo nalo litarudi mbele.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 madaktari wa Muhimbili walikuwa miongoni mwa Watanzania wa kwanza kutumia barua za kompyuta, kupitia mpango ulioitwa HealthNet. Barua zile hazikwenda papo hapo. Kompyuta ilikusanya barua za siku nzima, ikapiga simu usiku, ikazimwaga zote kwa mkupuo na kupokea zilizokuja. Hakuna aliyelalamika kwamba ni polepole, kwani barua ya posta ilichukua majuma. Halafu tarehe 1 Januari 1994 lile Shirika la Posta na Simu likagawanywa, simu zikaenda kwa kampuni ya TTCL, na kufikia 1996 Dar es Salaam ikawa na kampuni za kwanza za kuuza huduma ya intaneti kwa mtu wa kawaida mwenye simu na kompyuta.

Wale waliokuwapo wataikumbuka sauti ya modemu, ule mlio kama wa mabati yanayokwaruzana. Modemu nzuri ya wakati ule ilipitisha biti 33,600 kwa sekunde, tena pale laini ya simu ilipokuwa safi. Ukurasa mmoja wa siku zile, wenye maandishi na picha mbili ndogo, ulikuwa na uzito wa kama kilobaiti 50. Tukipiga hesabu, ulichukua sekunde 12 kufika. Watu wakaenda kuchemsha chai na kurudi, na Wazungu nao wakatunga mzaha kwamba lile neno la mtandao wa dunia nzima lilikuwa na maana ya kungoja kwa dunia nzima. Basi hapo tatizo lilikuwa wazi: njia nyembamba. Mtu wa Same aliyetaka intaneti alilazimika, juu ya hayo, kupiga simu ya masafa hadi mji wenye kampuni ya huduma, na kila dakika ya kungoja ililipiwa kama dakika ya mazungumzo.

Lakini kulikuwa na tatizo la pili lililojificha nyuma ya lile la kwanza, na hili ndilo ninalotaka tukae nalo. Hizo kampuni za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala zilitoka nje ya nchi kwa njia gani? Kwa setilaiti. Setilaiti ile imesimama juu ya ikweta, kilomita karibu 36,000 kutoka ardhini. Ombi lako la kufungua ukurasa lilipanda kilomita 36,000 na kushuka 36,000 hadi Ulaya au Marekani, na jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo. Hata kwa mwendo wa nuru, ambao ni kilomita 300,000 kwa sekunde, safari ya kwenda na kurudi huchukua karibu nusu sekunde.

Utasema nusu sekunde ni nini? Sikiliza. Ukurasa hauji kama gunia moja. Kila picha, kila alama, kila kipande huombwa peke yake. Katika programu za kwanza za kufungulia kurasa, ambazo wataalamu wetu wa lugha wameziita vivinjari, kila kipande kilianza kwa kubisha hodi na kujibiwa karibu, yaani nusu sekunde ya kwanza, ndipo kikaombwa na kuletwa, yaani nusu sekunde ya pili. Ukurasa wenye vipande 40, vikiletwa vinne vinne kwa zamu, ulihitaji sekunde kumi hata kama njia yenyewe ingekuwa pana kama barabara kuu ya Arusha. Ndiyo maana ofisi kubwa zilizonunua huduma ya setilaiti kwa maelfu ya dola kwa mwezi zilishangaa kuona kurasa bado zinajikokota. Walinunua upana, na kilichowachelewesha ni umbali. Fedha nyingi sana zilipotea katika nchi zetu kwa kutotenganisha mambo hayo mawili.

Na msidhani walioendelea hawakupitia taabu. Mwezi Oktoba 1986, huko Berkeley, California, mtandao kati ya majengo mawili yaliyoachana kwa kiasi cha yadi 400 ulishuka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Naam, arobaini. Mtaalamu mmoja, Van Jacobson, akachunguza na kuona kwamba kompyuta zenyewe ndizo zilizokuwa zikijisonga: kila iliyoona ujumbe wake umechelewa ilituma tena na tena, na zile nakala zikazidi kuziba njia. Mwaka 1988 akaandika dawa yake. Kompyuta ianze kwa kutuma kidogo, ingoje majibu, iongeze kila majibu yanaporudi, na ikiona ujumbe umepotea ipunguze mara moja. Dawa hiyo iliuokoa mtandao wa dunia. Hata hivyo, kwa sisi tuliokuwa nyuma ya setilaiti, ilikuwa na uchungu wake, kwa kuwa kama majibu hurudi kila baada ya nusu sekunde, hata huko kuongeza kasi huenda kwa mwendo wa kinyonga.

Sasa njoo kwenye jambo lililokuwa la aibu zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mtu wa Nairobi mwenye huduma ya kampuni moja akimwandikia jirani yake wa mtaa wa pili mwenye huduma ya kampuni nyingine, barua ilipanda setilaiti hadi Marekani au Ulaya, ikageuzwa huko, ikashuka tena Nairobi. Mara nyingine safari hiyo ilichukua sekunde nzima, mara nyingine mbili. Kampuni zenyewe zikaamua kujenga mahali pa kubadilishana mizigo ndani ya Nairobi, pakaitwa KIXP, pakafunguliwa Novemba 2000. Majuma machache baadaye pakafungwa. Shirika la simu la Kenya lililalamika kwamba haki ya njia za kimataifa ilikuwa yake peke yake kisheria, na tume ya mawasiliano ikakubali. Wenzetu hawa walibishana mwaka mzima kueleza kwamba barua ya kutoka mtaa huu kwenda mtaa ule haina umataifa wowote, na Februari 2002 pakafunguliwa tena. Ile safari ya sekunde moja au mbili ikashuka hadi chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Hakuna waya mpya uliolazwa baharini. Palikuwa na chumba, kisanduku cha umeme, na makubaliano. Dar es Salaam nayo ikawa na mahali pake pa kubadilishana kufikia 2004.

Ninaposimulia hayo huwa nakumbuka ndiva. Kwa msikilizaji asiye wa huku, ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe ambalo Wapare wamelijenga tangu enzi za mababu. Maji ya chemchemi hukusanywa humo usiku kucha, alfajiri hufunguliwa, na watu humwagilia mashamba kwa zamu. Chemchemi yenyewe ni ndogo; ukiielekeza shambani moja kwa moja maji hunywewa na mfereji kabla hayajafika. Yakikusanywa usiku, hutoka kwa nguvu na kufika. Watu wa Vudee na Bangalala wanaigawana ndiva ya Manoo, na anayejua ugomvi wa maji anajua kwamba ndiva bila utaratibu wa zamu ni shimo tu.

Mafundi wa kompyuta wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 walifanya jambo hilo hilo bila kujua kwamba wanaiga Upare. Katika ofisi na vyuo vyenye njia nyembamba waliweka kompyuta moja pembeni yenye programu kama Squid. Mtu wa kwanza akifungua ukurasa wa gazeti asubuhi, ile kompyuta inahifadhi nakala. Wa pili hadi wa hamsini wanapewa nakala hiyo hiyo bila kwenda tena Ulaya. Wengine waliipangia kuvuta usiku, njia ikiwa tupu, zile kurasa na mafaili yaliyotakiwa mchana. Ndiva kabisa! Na pale ambapo fundi aliongeza utaratibu wa zamu, yaani kwamba sinema na nyimbo zingoje na kazi ya ofisi itangulie, ofisi ya watu 50 iliweza kuishi kwa njia ambayo leo simu moja ya mkononi ingeidharau.

Ndiva hiyo ilikufa, na haikufa kwa uzembe. Kadiri wizi na upelelezi wa mitandao ulivyozidi, wenye kurasa walianza kuzifunga kwa siri, ile alama ya kufuli unayoiona karibu na anwani. Hapo mwanzo yalikuwa mabenki tu. Katika miaka ya 2010 ikawa karibu kila ukurasa. Ukurasa uliofungwa hausomeki na kompyuta ya pembeni, kwa hiyo hauwezi kuhifadhiwa na kugawiwa wengine. Usalama uliongezeka na ndiva ikakauka. Ofisi nyingi hazikuambiwa. Mpaka leo nimeona mahali ambapo ile kompyuta ya pembeni bado inawaka, inakula umeme, na kila ombi linapita humo kwa heshima ya zamani bila faida yoyote, likichelewa njiani.

Mwaka 2009 ndipo mambo yalipogeuka. Tarehe 23 Julai mwaka huo mkongo wa baharini wa SEACOM ulizinduliwa, ukiwa na kituo Dar es Salaam. Mkongo wa TEAMS, uliotoka Fujairah hadi Mombasa, ukafika mwaka huo huo, na EASSy ukafuata 2010. Nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, zinazopitisha nuru. Safari ya kwenda na kurudi Ulaya ikashuka kutoka zaidi ya nusu sekunde hadi karibu theluthi yake. Serikali nayo ilianza mwaka huo wa 2009 kujenga mkongo wa taifa wa kuipeleka nuru hiyo mikoani, na minara ya simu ikaleta intaneti hadi kwenye vilele ambavyo nguzo za Mjerumani hazikuvigusa. Mtu wa Mhezi leo anaweza kumwona mjukuu wake aliye ughaibuni akicheka kwenye simu. Hilo si jambo dogo, na mimi niliyeanza kazi wakati kanda ya habari ikipelekwa kwa basi sitalibeza.

Kwa nini basi kiduara bado kinazunguka?

Sababu ya kwanza ni kwamba kurasa zimenenepa. Ule ukurasa wa kilobaiti 50 umekuwa ukurasa wa zaidi ya megabaiti mbili, na huo ni wa kawaida, si wa fahari. Kwa modemu ya 1996 ungechukua kama dakika nane. Picha zimekuwa kubwa, kuna matangazo, kuna programu ndogo ndogo za kumchunguza msomaji anapenda nini, kuna herufi za mapambo zinazoletwa kutoka seva nyingine. Watengenezaji wanaujenga ukurasa huko mjini wakiwa na kompyuta mpya na waya wa kioo mezani, wanauona unafunguka kama umeme, wanakwenda nyumbani wameridhika. Naona ni utovu wa adabu ofisi ya umma kuweka picha kubwa ya ufunguzi wa semina juu ya fomu ambayo mwanafunzi wa mlimani anaihitaji kwa bando la shilingi mia tano.

Sababu ya pili ni kwamba mkongo hukatika. Februari 2012 nanga ya meli iliukata TEAMS karibu na Mombasa. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika zote mbili upande wa kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku ile ukisema mtandao uko chini ulikuwa unasema kweli tupu, tena chini ya bahari. Zipo pia nyakati ambazo ucheleweshaji una mkono wa mtu, kama mitandao ya kijamii ilivyobanwa siku za uchaguzi mkuu wa Oktoba 2020. Nyakati hizo fundi wa ofisi hana la kufanya.

Lakini siku niliyokuwa Mhezi hakuna mkongo uliokatika. Nilijua hivyo kwa njia rahisi sana: nilitoa simu yangu mfukoni, nikafungua ukurasa ule ule, nikiwa kwenye benchi lile lile. Ulifunguka. Haukukimbia, ila ulifunguka. Nikamwonyesha yule kijana. Akasema, "Basi kompyuta zetu ndizo zimezeeka, kaka." Kompyuta zote tatu, kwa siku moja? Kompyuta moja ikiwa nzito tafuta ndani yake: kumbukumbu iliyojaa, virusi, ule utitiri wa vitufe vya bure vinavyojibandika kwenye kivinjari, au programu zinazojisasisha kimyakimya mchana kweupe na kunywa njia yote. Zikiwa nzito zote kwa pamoja, na simu ya mgeni ikaenda, kosa liko katika kitu wanachoshirikiana.

Nilimwacha na hayo, kwani mimi ni mtangazaji, si fundi. Majuma kadhaa baadaye fundi kijana kutoka Same alipanda kule kwa shughuli nyingine, na aliposhuka alinieleza alichokikuta. Alianza kwa kuvuta faili moja kubwa. Lilikuja kwa kasi nzuri tu. Hapo, aliniambia, alikwishajua. Njia ni pana, faili kubwa linapita, lakini kurasa zinajikokota: maana yake kuchelewa kuko mlangoni kabla ya safari kuanza.

Nieleze kidogo. Kompyuta haijui majina. Ukiandika jina la ukurasa, kwanza inauliza seva maalumu, tuiite daftari la majina, jina hili namba yake ni ipi? Anwani ya daftari hilo huandikwa katika mipangilio ya kompyuta, ya kwanza na ya pili ya akiba. Ofisi ile miaka kadhaa nyuma ilikuwa na huduma ya kampuni nyingine, na fundi wa wakati ule aliandika kwa mkono namba ya daftari la kampuni hiyo katika kompyuta zote tatu. Baadaye ofisi ikahamia kampuni mpya. Waya ukabadilishwa, kisanduku kikabadilishwa, ankara ikabadilishwa. Namba ikabaki. Kwa hiyo kila jina lilipoulizwa, kompyuta ilibisha hodi kwenye nyumba isiyokuwa na mtu, ikangoja sekunde moja, mbili, mara nyingine zaidi, ikakata tamaa, ndipo ikauliza daftari la pili ambalo lilijibu. Zamani ukurasa ulikuwa na jina moja au mawili na mtu asingehisi. Ukurasa wa leo huita majina kumi, ishirini, ya matangazo na herufi na vihesabio, na kila jina linaweza kungojewa mlangoni namna hiyo. Faili kubwa huuliza jina mara moja tu, ndiyo maana lilipita.

Alifuta namba ile, akaiacha kompyuta ipokee anwani kutoka kwenye kisanduku cha kampuni ya sasa, akafanya hivyo kwa zote tatu. Kisha akaondoa alama moja katika kivinjari iliyokiagiza kutafuta ile kompyuta ya pembeni, ndiva ya zamani, ambayo haikuwapo tena ofisini. Kazi yote haikumaliza nusu saa, na muda mrefu ulikwenda katika kutafuta nywila ya mkuu wa mashine, ambayo ilikuwa imeandikwa nyuma ya kalenda.

Nilimuuliza namba ile ilikaa hapo muda gani. Alipiga hesabu kwa kutazama tarehe ya mkataba mpya: miaka miwili na miezi. Miaka miwili watu wameshuka mlima kwa pikipiki kwenda Same mjini kutafuta duka la intaneti, nauli ya kwenda na kurudi, kwa shughuli ambazo zingekwisha palepale.

Yule mama nilimtafuta kabla ya kuandika mazungumzo haya. Bintiye hakufanikiwa siku ile, na siku ya pili walipoteremka Same walikuta picha ya cheti aliyoipiga haikubaliki, wakarudi mlimani kutafuta cheti chenyewe, na tarehe ikapita. Anaomba tena mwaka huu. Kwa sasa anamsaidia mama shambani, na wakati mwingine huenda pale ofisini kuwasaidia wazee kujaza fomu zao, kwani anajua vizuri kila kisanduku cha fomu kilipo.

Nilipoingia mara ya mwisho kurasa zilikuwa zinafunguka. Ukutani, juu ya kompyuta ya kwanza, bado kuna karatasi iliyoandikwa LEO MTANDAO HAKUNA. Imepigwa chapa kwa herufi kubwa na kutiwa plastiki ili isichakae.